ALAMA ZA WADACHI MJINI MOSHI NA KATIKA MITEREMKO YA KILIMANJARO



Mkulima wa karafuu anayekwenda Moshi kwa mara ya kwanza hujiona yu ugenini. Hapana bahari, hapana minazi, na asubuhi kuna baridi ya kutaka blanketi. Pahala pa mikarafuu pana migomba, na chini ya migomba pana mibuni. Lakini akikaa siku mbili tatu, akatazama na kusikiliza, ataona kuwa mji ule umepitiwa na mikono mingi, kama ulivyopitiwa mji wetu wa Unguja. Mkono mmoja uliotia alama nyingi ni wa Wadachi, yaani Wajerumani, waliotawala huko tangu miaka ya 1890 mpaka mwaka 1916.

Katika makala haya twataka kuzifuata alama hizo, tuanze stesheni ya reli mjini tuishie kileleni. Shabaha yetu si kuwasifu Wadachi wala kuwatukana. Sisi ni watu wa hisabu. Wakati wa mavuno mwenye shamba huandika pishi ngapi zimechumwa, nani kalipwa, na nani anadai. Basi na tuandike hivyo hivyo: wageni wale walileta nini, walichukua nini, na vitu hivyo viko kwa nani hivi leo.

Bendera yetu ilitangulia

Kwanza yafaa tujue kuwa njia waliyoifuata Wadachi kwenda Kilimanjaro ilikuwa imekwisha kufunguliwa na watu wa pwani. Mwezi wa Januari mwaka 1844 mmisionari wa Kijerumani, Ludwig Krapf, alifika Unguja, akapokewa na Sayyid Said na kupewa barua ya kumwombea mapokezi mema katika nchi za pwani. Mwenzake, Johannes Rebmann, alisafiri kutoka Rabai karibu na Mombasa akiongozwa na mtu wa pwani aliyeitwa Bwana Kheri, na tarehe 11 Mei 1848 akauona mlima na theluji yake. Habari yake ilipofika Ulaya, mabwana wa jiografia wa London waliikataa. Walisema theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Watu wa misafara ya pembe za ndovu walikuwa wakiijua siku nyingi, ila hapana aliyewauliza.

Hata mwaka 1885 mambo yakachachamaa. Sayyid Barghash alimtuma jemadari wake, Mwingereza Lloyd Mathews, pamoja na askari, wakapandishe bendera ya Unguja Kilimanjaro. Mangi Rindi wa Moshi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara, aliikubali bendera hiyo pamoja na mangi wengine. Lakini baada ya muda mfupi tu akafika Mdachi, Karl Jühlke, wa kampuni ya Carl Peters, naye akapata mkataba wake kwa Rindi huyo huyo. Tusimlaumu mzee yule kwa haraka. Alikuwa na maadui kila upande wa mlima, naye alitaka bunduki na marafiki kwa yeyote aliye navyo.

Mwezi wa Agosti mwaka huo manowari za Kidachi zilitia nanga mbele ya Unguja, zikaelekeza mizinga yake mjini, na Sayyid Barghash akalazimika kukubali. Mwaka uliofuata, 1886, Waingereza na Wadachi walichora mstari kutoka pwani hadi Ziwa Victoria. Mstari huo ulipofika Kilimanjaro ukapinda, ukauacha mlima upande wa Wadachi. Kisiwa chetu kikabakiwa na ukanda wa maili kumi tu pwani ya bara. Iko hadithi inayopendwa sana, ya kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake mlima huo kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hadithi hiyo si kweli. Mlima uligawanywa kwa mapatano ya mabwana mezani, nasi tulikuwa miongoni mwa waliokatiwa.

Stesheni, na mji uliohama

Sasa natufike mjini. Mtu akisikia jina la Moshi aweza kudhani limetokana na gari la moshi. Sivyo. Jina hilo ni la nchi ya Mangi Rindi, nalo lilikuwako kabla ya reli. Lakini ni kweli kuwa mji wenyewe wa leo ulizaliwa na reli. Boma la kwanza la Wadachi lilikuwa juu mlimani, mahali panapoitwa sasa Old Moshi. Reli waliyoanza kuijenga Tanga mwaka 1893 ilikwenda kwa mwendo wa kobe, kwa sababu ya ukosefu wa fedha na ubishi wa mabwana wa Berlin, ikafika tambarare ya chini ya mlima mwaka 1911. Urefu wake ni kilomita 352. Hapo maduka, ofisi na watu wakashuka kuifuata stesheni, na mji mpya ukaota hapo.

Reli ile haikujengwa kwa kumwonea huruma mwenyeji. Ilijengwa ili mkonge, mpira na kahawa ya walowezi ipate kufika bandarini, na ili askari wapate kupelekwa upesi. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, Jenerali von Lettow-Vorbeck aliweka makao yake Moshi, na mwezi wa Novemba mwaka huo majeshi yake yaliteremshwa kwa reli hiyo kwenda Tanga, ambako Waingereza walishindwa vibaya. Mwezi wa Machi 1916 jeshi la Jenerali Smuts likaingia Moshi, na utawala wa Wadachi hapo ukakoma.

Lakini reli haikuondoka nao. Waingereza waliitumia, na baada yao serikali ya Tanzania. Magari ya abiria yalisimama kwa miaka mingi, kisha mwezi wa Desemba 2019 yakaanza tena safari za Dar es Salaam na Moshi. Watu wakaipanda kwenda kwao kwa sikukuu, na wala hapana aliyeuliza ni nani aliyetandika vyuma vile. Kitu cha mgeni kikitumika sana na mwenyeji, hugeuka kuwa cha mwenyeji.

Alama zilizo kinywani

Alama nyingine za Wadachi hazihitaji macho, zahitaji masikio. Mtoto wa Unguja au Pemba huenda skuli, na neno hilo twalipata kwa Waingereza. Mtoto wa Moshi huenda shule, na neno hilo latokana na Kidachi, Schule. Sisi tukitaka kununua kitu twatafuta pesa. Wenzetu wa bara husema hela. Hela ilikuwa sarafu ya Wadachi: mwaka 1904 waliigawa rupia yao katika heller 100. Sarafu hizo zimekwisha zamani, lakini jina lake lingali likitumika sokoni kila siku. Na sisi wenyewe, tunapowaita watu wale Wadachi, twatumia jina lao walilojiita, Deutsch, kama lilivyosikika masikioni mwa wazee wetu.

Kwa upande wao, Wadachi walitawala kwa Kiswahili. Katika vituo vyao vingi waliweka maliwali na maakida, vyeo walivyovikuta pwani, na barua za serikali zikaandikwa kwa lugha yetu. Tulikumbuke neno hilo akida, kwani litarudi mbele katika habari ya huzuni.

Mti wa Old Moshi

Ukitoka mjini ukapanda kuelekea Old Moshi, barabara hupita katikati ya vihamba. Kihamba ni shamba la ukoo, lenye migomba juu, mibuni chini, na makaburi ya wazee ndani yake. Huko, mahali paitwapo Tsudunyi, wenyeji huuonyesha mti mmoja. Hapo ndipo hisabu yetu ilipo nzito.

Mangi Rindi alifariki mwaka 1891, akarithiwa na kijana wake, Meli. Meli hakuwa na subira ya baba yake kwa wageni. Mwezi wa Juni 1892 Wadachi walikuja kumpiga, naye akawashinda, na mkuu wao, von Bülow, akauawa. Mwaka uliofuata, 1893, Gavana von Schele mwenyewe alikuja na jeshi kubwa zaidi, na safari hii Meli akashindwa. Aliachwa aendelee kuwa mangi, lakini chini ya boma. Kisha akashitakiwa, yeye na wenzake, kuwa wanakula njama ya kuasi. Mkuu wa kituo alikuwa Kapteni Kurt Johannes. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa pamoja na viongozi wengine 18, wakiwamo wa Meru na Arusha.

Wazee wa Old Moshi wasimulia kuwa kichwa cha Meli kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Jambo hilo si la ajabu kwa wakati ule. Wataalamu wa Berlin walikuwa wakiwaandikia maofisa wa koloni wawapelekee mafuvu ya watu, ili wayapime na kuyapanga makabatini. Katika mikusanyo ya Berlin yalihesabiwa mafuvu kama 1,100 yaliyotoka katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wadachi.

Mjukuu wa Mangi Meli alitumia miaka mingi ya maisha yake kuuliza jambo moja tu: kichwa cha babu yangu kiko wapi? Mwishowe wataalamu walichukua mate ya watu wa koo zile, wakayalinganisha na mafuvu machache yaliyoandikwa kuwa yametoka Kilimanjaro. Mwezi wa Septemba 2023 Taasisi ya Urithi wa Utamaduni ya Prussia, yenye makumbusho ya Berlin, ikatangaza kuwa jamaa wamepatikana. Fuvu moja lilikuwa limeandikwa kwa mkono neno moja: "Akida". Ndilo neno letu la pwani, limeandikwa juu ya mfupa wa mtu. Akapatikana na mzao wake aliye hai. Fuvu la Mangi Meli halikuonekana miongoni mwao.

Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba msamaha kwa maovu ya vita vya Maji Maji. Kuomba msamaha ni jambo la kiungwana. Lakini mkulima anajua kuwa mtu akichukua gunia lako, akaja kukwambia samahani, ile samahani ni mwanzo wa mazungumzo. Gunia lenyewe bado.

Kanisa, tarumbeta na vitabu

Hapo hapo Old Moshi ziko alama za Wadachi wa namna nyingine, wale wasiochukua bunduki. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Walijenga makanisa, skuli na nyumba za wagonjwa, wakafundisha kupiga matarumbeta, na mpaka leo matarumbeta hayo husikika katika ibada na mazishi ya Wachaga.

Mmoja wao, Bruno Gutmann, alikaa Old Moshi kwa miaka mingi tangu karibu na mwaka 1910 hata 1938, isipokuwa miaka michache baada ya Vita ya Kwanza. Yeye aliona kuwa mila za Wachaga zina thamani. Aliketi na wazee, akawauliza sheria za urithi, za ndoa, za mifugo na za mifongo, yaani ile mifereji ya maji iteremkayo kutoka msituni mpaka vihambani, akayaandika yote. Mwaka 1926 alitoa kitabu kikubwa cha sheria zao, na kati ya 1932 na 1938 vitabu vitatu vya mafunzo waliyofundishwa vijana wao.

Kazi hiyo ni kubwa, nayo haifai kubezwa. Lakini vitabu hivyo aliviandika kwa Kidachi. Basi leo kijana wa Kichaga akitaka kusoma maneno aliyoyasema babu wa babu yake, hana budi kwanza ajifunze lugha ya Berlin. Wazee walitoa maneno, kalamu ikayahifadhi, lakini ufunguo wa sanduku ukabaki ng'ambo. Jambo hili na sisi tulitie moyoni. Wazee wetu wanaojua majina ya mashamba, desturi za uchumaji na historia ya mikarafuu mikongwe, yafaa waandikwe sasa, tena kwa lugha yao.

Majina yaliyo juu ya mlima

Tupande sasa mpaka juu. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer wa Leipzig na mwenzake kutoka Austria, Ludwig Purtscheller, walifika kileleni. Meyer huyo mwaka mmoja kabla alikuwa ametiwa mkononi na Bushiri pwani, akaachiliwa kwa kukombolewa kwa fedha. Kilele, chenye urefu wa mita 5,895, akakiita Kaiser-Wilhelm-Spitze, kwa jina la mfalme wake. Akaokota jiwe la juu kabisa, na kipande chake akampa Kaiser, aliyekitia katika ukuta wa ukumbi wa jumba lake huko Potsdam.

Vibanda vya kulala wapanda mlima navyo vilipewa majina ya Kidachi. Cha kwanza kiliitwa Bismarck na cha pili Peters. Carl Peters huyo ndiye aliyemnyonga mtumishi wake na mwanamke mmoja huko huko Kilimanjaro, hata serikali yake mwenyewe ikamfukuza kazi mwaka 1897.

Baadaye Tanganyika ikafanya hisabu yake kwa utaratibu. Usiku wa Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha mwenge na bendera mpya, na kilele kikapata jina la Uhuru. Kibanda cha Bismarck sasa ni Mandara, na cha Peters ni Horombo, majina ya mangi wa zamani. Waliobaki na majina yao ni Wadachi wa kwenye barafu: Rebmann, Decken, Kersten na wengineo. Nayo barafu hiyo yaondoka. Kwa vipimo vya wataalamu, iliyokuwako mwaka 1912 imepungua kwa zaidi ya sehemu 80 katika 100. Siku itafika ambapo majina hayo yatabaki katika ramani tu.

Kahawa, binamu ya karafuu

Tumeiacha kahawa mpaka mwisho, kwa kuwa ndiyo inayotugusa zaidi. Wengi hudhani kuwa Wadachi ndio walioileta Kilimanjaro. Kwa kweli iliyoanza kuipanda ni misheni ya Kikatoliki ya Kilema, katika miaka ya 1890, ya mapadre wa Roho Mtakatifu, ambao wengi wao walikuwa Wafaransa. Mapadre hao walianzia kazi yao Unguja, wakavuka Bagamoyo mwaka 1868, ndipo wakapanda bara. Waandishi wa habari za zao hili wasema kuwa mbegu yenyewe asili yake ni kisiwa cha Réunion. Na mikarafuu yetu ilitoka wapi? Ilitoka visiwa hivyo hivyo vya Réunion na Mauritius, mwanzoni mwa karne ya 19. Basi mbuni wa Kilema na mkarafuu wa Wete ni kama mabinamu, waliofika kwa bahari moja.

Wadachi walichofanya ni kuwapa walowezi ardhi ya kahawa, na kuwatafutia wenyeji wa kuifanyia kazi. Baada ya vita mashamba yao yalitaifishwa yakauzwa, mengine yakachukuliwa na Wagiriki. Ndipo Wachaga walipoanza kwa wingi kupanda kahawa yao wenyewe vihambani. Walowezi wakapiga kelele, ati mwenyeji akilima ataleta ugonjwa wa mibuni, ataiba, na zaidi ya yote hatakuja tena kufanya kazi ya kibarua. Mwaka 1925 Wachaga waliunda chama chao cha wapandaji, akiwamo Joseph Merinyo, na mwaka 1933 kikafuatwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU.

Tazameni miaka hiyo, enyi wanachama. Chama cha wenye mikarafuu Unguja kiliundwa mwaka 1927, kikatengenezwa upya kwa sheria mwaka 1934. Wakulima wa mlimani na wa kisiwani waliona shida moja wakati mmoja: mazao yako mikononi mwao, bei iko mikononi mwa wengine. KNCU ilivunjwa mwaka 1976, ikarudishwa mwaka 1984. Chuo cha ushirika kilichofunguliwa Moshi mwaka 1963 ni chuo kikuu tangu 2014. Kazi ile ya kupima, kuandika na kugawana, Wachaga waliifanya wenyewe.

Hisabu yenyewe

Na tufunge daftari. Upande wa vilivyoletwa tumeandika reli, maneno, makanisa na skuli. Hivyo vyote leo ni vya Moshi, kwa kuwa watu wa Moshi wamevitumia, wamevitengeneza na wamevilipia kwa jasho. Upande wa urafiki mpya tuandike kuwa mji wa Tübingen wa Ujerumani na mji wa Moshi ni miji ndugu tangu mwaka 2014. Jambo hilo ni jema, kwani watu wa leo hawakunyonga mtu.

Upande wa vilivyochukuliwa tumeandika maneno ya wazee yaliyofungwa katika lugha ya kigeni, na vichwa vya watu. Mstari wa Mangi Meli bado u wazi, na hatuna ruhusa ya kuufuta ati kwa sababu umekaa muda mrefu. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Watu wa Old Moshi hawakuwa na karatasi wala muhuri. Daftari lao lilikuwa vinywa vya wazee, waliosema kwa zaidi ya miaka mia kwamba watu wao wamechukuliwa. Mwaka 2023 Berlin yenyewe ikakiri kuwa daftari hilo lilikuwa sahihi.

Mwanachama atakayejaliwa kwenda Moshi, akiisha kunywa kahawa yao na kuwasimulia habari za karafuu, na apande mpaka Old Moshi. Asimame kidogo chini ya ule mti, awape pole wenyeji. Na akirudi nyumbani amketishe mzee wake, achukue daftari, aandike. Dawa ya deni ni kulipa, lakini hapana alipaye deni lisiloandikwa.